Kaunti ya Shosho Imeshindwa Tena

Baba,

Walishindwa. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuvua koti, kwa hiyo naanza nalo. Ilikuwa fainali, na wamepungukiwa na pointi moja tu. Mpira wa mwisho uligonga mlingoti ukarudi uwanjani, refa akapuliza kipenga.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Cheka ukitaka. Wewe ulikuwa unasema Kiswahili na mimi nakujibu kwa Kiingereza, ukaniambia nyumba yetu ni kama redio mbili zilizowashwa kwenye meza moja. Tangu uondoke nimekuwa nikisoma Biblia yako kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani, na maneno yanakuja. Katika barua hii nimemuuliza Mama maneno mawili tu, na sikumwambia ni ya nini.

Nataka kukueleza ya Jumapili kule klabuni, kwa sababu nilihisi jambo ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Unakumbuka tulivyoingia mle mara ya kwanza? Nilikuwa bado shule ya msingi. Ulikuwa umeanza kazi ya kumtunza Noreen, yule mama mzee wa Ayalandi anayeishi Hodge Hill, hapa Birmingham. Ulimpikia uji, ukampa dawa, ukamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Ulimwita Shosho, kama ulivyomwita nyanya yako kule Nyandarua, naye akalipenda jina mpaka akaanza kujitambulisha hivyo kwenye simu: "Haloo, Shosho anaongea." Jumapili moja alikuomba umpeleke kwenye klabu ya Waayalandi, upande wetu wa Stratford Road, akatazame kwenye runinga kaunti yake ya kwao ikicheza. Mama alikuwa zamu, kwa hiyo ukanichukua na mimi. Mlangoni alisimama mzee Desi, mwenye kofia na masikio makubwa.

"Na wewe," akakuuliza, "wa kaunti gani?"

"Nyandarua," ukajibu bila kusita.

Desi akafikiri. "Hao wako daraja la ngapi?"

"Sisi hatuchezi. Sisi tunalima viazi."

"Viazi!" Desi akawageukia wenzake. "Jamani, mpeni huyu kiti! Huyu ni Mwayalandi!"

Walicheka wote, na wewe ukacheka kuliko wao. Mimi nilijificha nyuma ya kiti cha Shosho. Baadaye ulininong'oneza sheria za mpira wao wa Kiayalandi: wanadaka kwa mikono na kupiga kwa miguu, mpira ukipita juu ya mtambaa wa panya ni pointi moja, ukiingia wavuni ni tatu. Sikuelewa vizuri. Nilichoelewa ni kwamba Desi alizaliwa hapa hapa Birmingham, na bado alikuwa na kaunti ng'ambo ya bahari, ya mama yake, na hakuna aliyeona ajabu. Njiani kurudi uliniambia, "Unaona? Hata wewe una Nyandarua."

Siku hiyo pia walishindwa. Mchezo ulipokwisha hakuna aliyepiga kelele. Waliinuka mmoja mmoja, wakaanza kupeana mikono wakizunguka ukumbi, wakinong'ona maneno ambayo Shosho alikueleza kwamba ndiyo wanayowaambia wafiwa. Ulishangaa sana. "Kumbe mnafanya kama sisi," ukasema. "Kwetu tunasema pole. Halafu yule mwenye taabu anajibu, nimeshapoa."

Wakaomba uwafundishe. Pole waliiweza mara moja. Nimeshapoa iliwashinda.

"Nimesha-Paula," Desi akajaribu.

"Nani Paula?" mtu akauliza kutoka kaunta. "Na mke wako anajua?"

Tangu hapo ikawa desturi yao. Kila kiangazi kaunti ikishindwa, Waayalandi wazee wanapeana mikono na kuambiana pole, na mwingine anajibu Paula. Na kila kiangazi Shosho alikuwa anasema, "Mimi sifi kabla hawajachukua kombe," na wewe unaitikia, "Na mimi siendi popote, Shosho." Hawajalichukua tangu yeye akiwa msichana. Nilikuwa nawasikia mkisema hivyo, na mtoto anaamini anachosikia. Niliamini mna mkataba.

Kisha wewe ukaenda, wakati wa baridi, asubuhi moja ukiwa unafunga kamba za viatu ili uende kwake.

Katika mazishi walikuja wote. Walipanga foleni kanisani katikati ya akina mama wa ushirika wetu, wakanifikia mmoja mmoja, wakanishika mkono. "Pole," walisema. "Pole." "Pole." Nilijua ninachopaswa kujibu, kila mtu pale alijua, lakini neno halikutoka. Nilitazama vifungo vya makoti yao mpaka foleni ikaisha. Nadhani tangu siku hiyo sijaongea sawasawa na mtu. Mwalimu wangu alimwandikia Mama kwamba nimekuwa kimya mno, na Mama akasema, "Alikuwa kimya tangu zamani, sasa amezidi tu."

Nimemaliza shule, Baba. Siku ya mwisho wenzangu waliandikiana maneno ya kwaheri kwenye mashati. Mimi nilirudi nyumbani na shati jeupe, nikasikia funguo zako mlangoni, nikatoka mbio kwenye ngazi. Hakukuwa na mtu. Hutokea hivyo. Mimi husikia funguo, na husikia kikohozi chako, kile kidogo cha kusafisha koo unapokuwa na wasiwasi.

Basi, Jumapili. Mama aliniambia, "Mpeleke Shosho klabuni. Yule mtunzaji mpya hajui habari za mpira." Nilikataa kwa kutikisa kichwa. Akasema, "Usinitikisie kichwa. Mama mzee anakungoja amevaa skafu tangu asubuhi." Nikaenda.

Klabu ilijaa. Walitupa nafasi yetu ile ile, mbele, upande wa dirisha. Desi alinisalimia kwa kunigusa bega na hakusema kitu, nikamshukuru moyoni. Mpaka mapumziko walikuwa sare. Kipindi cha pili kaunti yetu ikaanza kucheza kama sijawahi kuiona. Pointi, pointi nyingine, kisha bao. Watu walisimama juu ya viti. Shosho alikuwa anapiga mkono wa kiti chake na kusema, "Ee Mungu, ee Mungu, mwaka huu."

Hapo ndipo baridi ikaniingia, Baba. Ghafla nilielewa kwamba wanaweza kushinda. Wangelibeba kombe, ukumbi mzima ungeimba, mtu angepiga picha, na picha hiyo ingekaa ukutani miaka yote. Wote wangekuwemo isipokuwa wewe. Kumaliza shule bila wewe nimeweza, kwa sababu shule ilikuwa yangu. Kombe lilikuwa lako na Shosho. Mradi wanashindwa, hujakosa kitu. Unaweza kuwa umechelewa tu, unatafuta mahali pa kuegesha gari. Wakishinda, utakuwa umekufa kabisa.

Nikafumba macho nikaomba wasishinde. Katikati ya kelele zile zote niliomba hivyo, kwa Kiswahili, kwa maneno yako.

Na nyuma yangu nikasikia kikohozi chako.

Niligeuka. Palikuwa na ukuta na makoti yaliyotundikwa. Nilipotazama tena kwenye runinga, wapinzani walikuwa wamefunga bao, kisha jingine, na sisi tuko nyuma kwa pointi moja. Kisha ule mpira wa mwisho, ule mlingoti, kile kipenga.

Nilifurahi. Ndilo hilo lililonifanya nikuandikie. Desi alivua kofia akafunika uso nayo, na mwanamke mmoja karibu nasi alilia bila kujificha. Mimi nimekaa katikati yao, moyo wangu ukiwa mwepesi kama wa mtu aliyerudishiwa kitu.

Wakaanza kupeana mikono. Desi alikuja kwangu macho mekundu. "Pole, binti," akasema. Safari hii neno lilitoka bila shida. "Nimeshapoa," nikamjibu, na akanitazama, kwa kuwa nilikuwa natabasamu. Alidhani ninajikaza. Akanibana mkono na kusema, "Baba yako hasa. Yeye pia alikuwa anatutia moyo." Nilitamani sakafu inimeze.

Shosho hakumpa mtu mkono. Nilipiga magoti mbele yake nimfunge skafu vizuri kabla hatujatoka, naye akanishika vidole. Mikono yake siku hizi ni mifupa tu.

"Desi anasema mwaka ujao," akaniambia.

"Ndiyo, Shosho. Mwaka ujao."

"Desi ni kijana, ana sabini na kitu tu." Akajaribu kucheka. "Mimi sina mwaka ujao mwingi, kipenzi. Niliona leo ndiyo yenyewe. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyomweleza baba yako. Nianze na lile bao, au nianze na mwisho? Nikaona nianze na mwisho, maana hana subira."

Sikuweza kumtazama. Nilimsukuma hadi kituo cha basi, na njia nzima ya Hodge Hill alisinzia, kichwa chake kikigonga mkono wangu kila basi lilipofunga breki. Nilikuwa nawaza kwamba nimekuwa nikikutunza wewe kwa kuwanyima walio hai. Yeye bado yupo, bado anataka kitu, na mimi niliomba asikipate ili mlango wako usifungwe.

Nilipomfikisha kwake nilimchemshia maziwa kama ulivyokuwa unafanya, na nikamwambia ukweli wote. Kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, lakini wote. Nilidhani atanifukuza. Alimaliza maziwa, akanirudishia kikombe, kisha akasema, "Na mimi nilisikia akikohoa."

Sijui alimaanisha nini, Baba. Sijui kama alinihurumia tu. Nimekaa na maneno hayo tangu Jumapili, na nyumba inapokuwa kimya nasikiliza.

Lakini nimeamua. Kiangazi kijacho, Shosho akiwa bado anapumua, nitamsukuma hadi mbele kabisa, na nitaomba washinde. Nitaomba kwa nguvu zangu zote, kwa Kiswahili chako, na wakichukua kombe nitasimama juu ya kiti na kupiga kelele kama wengine, mimi ambaye sijawahi kupiga kelele popote. Utakuwa umekosa. Najua. Itabidi ukose.

Kwa hiyo siku hiyo, Baba, naomba usije.

Ni mimi,
binti uliyempa jina la mama yako