Nilimwonyesha Bi Somoe Kipande cha Chicago

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, mvua haiji, joto limejaa ndani ya nyumba. Sikwenda kanisani. Nilivaa, nikafunga mlango, nikaufungua tena, nikavua viatu. Nilijua ningekaa kwenye benchi niwaze jambo moja tu mpaka wimbo wa mwisho, basi nikaona bora niliwazie nyumbani.

Jikoni kuna pweza mkavu ananing'inia kwenye msumari. Ananuka nyumba nzima. Nimepewa jana na Bi Somoe kwa kunishukuru. Kumla siwezi, kumtupa siwezi.

Bi Somoe ni jirani yangu hapa Kanga, kisiwani Mafia. Alizaliwa Bwejuu, kile kisiwa kidogo, akaolewa huku, mume akafariki mapema, akamlea binti yake Saida kwa shamba la muhogo na minazi michache. Nilipopangiwa kazi huku nikitokea Njombe, sijui hata kukuna nazi, yeye ndiye aliyenikalisha kwenye mbuzi akanifundisha huku akinicheka. Saida nilimfundisha hesabu. Sasa ana shahada, yuko Dar kwa mjomba wake, na amepata ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya pili Marekani, mji wa Chicago. Chuo kinamgharamia kila kitu. Anatakiwa awape jibu kesho.

Kikwazo kilikuwa mama. Kuna mtu kamjaza Bi Somoe maneno kwamba Chicago watu wanauana barabarani mchana kweupe. Na huku kwenye jambo zito mtoto hajisemei mbele ya mzazi, hata awe na shahada. Hutafuta mtu mzima wa kumsemea. Saida alinichagua mimi.

"Mwalimu, mama anakuamini wewe kuliko redio," aliniambia kwenye simu. "Mimi nikimweleza ataona najitetea. Nenda na takwimu, mwonyeshe."

Nikaenda na takwimu.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimesoma vya kutosha. Nilipata mchoro wa mauaji ya mji ule kwa miaka mingi. Miaka ya tisini mstari uko juu kabisa. Halafu unashuka, mwaka baada ya mwaka, una mabonde na vilima vyake lakini unashuka. Kipindi cha korona ukaruka juu ghafla, watu wakashikwa na hofu, kisha ukaanza kushuka tena. Nikatazama na ramani: maovu mengi yamerundikana kwenye mitaa fulani, na mitaa mingine watu wanaishi na kulea watoto bila kelele. Si peponi. Ni mji mkubwa wenye maumivu yake ya muda mrefu, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukipata nafuu. Maelezo hayo ningeyamaliza kabla kahawa haijapoa.

Jana alasiri tulikaa kibarazani kwake. Shikamoo, marahaba mwanangu, za nyumbani, njema. Akanimiminia kahawa. Nikatoa simu. Mchoro ulitokea wote, toka mwanzo hadi mwisho, ila ulikuwa mdogo na Bi Somoe akasema macho yake hayauoni. Nikaupanua kwa vidole viwili. Nilipoupanua, ile miaka mirefu ya kushuka ikatoka nje ya kioo upande wa kushoto, na nafuu ya juzijuzi ikatoka upande wa kulia. Kikabaki kilima cha korona peke yake.

Ningeweza kuusogeza. Kidole changu kilikuwa palepale.

"Huu mstari unapanda?" akauliza.

"Unapanda, mama."

"Na ndiyo watu waliokufa?"

"Waliouawa."

Akataka kujua ni wangapi. Nikamtajia idadi ya mwaka ule mbaya, nikaishia hapo. Sikumwambia mji ule una watu wangapi, kwamba Mafia yote na visiwa vyake ingemezwa na kona yake moja. Bi Somoe hajawahi kupimia kitu kwa mamilioni. Kipimo chake ni kwao, Bwejuu. Midomo ikawa inamcheza, nikajua anapita nyumba hadi nyumba anahesabu watu.

"Basi ni Bwejuu nzima hiyo, mwalimu," akasema taratibu. "Kila mwaka. Mpaka watoto wachanga."

Nilitakiwa kusema hapana, mama, hesabu haiendi hivyo, na ule ulikuwa mwaka mmoja tu, si kila mwaka. Ndiyo kazi ninayolipiwa mshahara. Nikanywa kahawa.

"Haendi," akasema. "Bora anichukie." Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nakushukuru mwanangu. Mwingine angenificha."

Akaingia ndani, akatoka na pweza.

Tangu jana najitetea kwamba sikusema uongo. Ni kweli, sikusema hata mmoja. Mstari ulikuwa wa kweli na idadi ilikuwa ya kweli. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, najua vizuri kwamba mtu anaweza kudanganywa kwa ukweli mtupu ukijua pa kuukata.

Sasa niandike lile ambalo nimelizunguka tangu nikae hapa.

Nilimwonea wivu Saida.

Niliomba ufadhili wa nje mara mbili kabla sijafika umri huu. Mara zote mbili walinijibu kwa upole kwamba waombaji walikuwa wengi. Saida alipokuja kuniomba nimwandikie barua ya kumpendekeza, niliandika barua nzuri sana, na moyoni nilikuwa nimetulia kwa sababu niliamini hatapata. Alipopata nilipiga vigelegele pamoja na majirani. Usiku wake sikula. Nilimuona kwenye baridi ya watu, amevaa koti zito, anaitwa kwa jina lake na maprofesa, na mimi niko hapa nasahihisha madaftari yale yale. Nilidhani mambo hayo yamepita. Kumbe yalikuwa yananisubiri kibarazani kwa Bi Somoe.

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba somo lenyewe Saida nilimfundisha mimi. Enzi za nyuma, kabla ya hifadhi ya bahari, baruti za wavuvi haramu zililia huku mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Bi Somoe hupenda kulisimulia hilo. Hifadhi ikaja, milipuko ikapungua sana. Kisha ukaingia msimu mmoja ikaanza kusikika tena, na mtaani watu wakasema hifadhi haina maana, wahalifu wamerudi, bahari imekwisha. Nikawapa wanafunzi kazi ya kuchora mwenendo wa milipuko. Karibu darasa zima walichora msimu ule tu, mstari unapaa. Niliwagombeza siku hiyo. Niliwaambia mtu haelewi uhalifu kwa msimu, anauelewa kwa miaka.

Saida peke yake alikuwa amechora miaka yote. Pale palipopanda alizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni: nundu. Nilikibandika kile kikaratasi ukutani, kikakaa mpaka jua likakila rangi.

Jana nilimwonyesha mama yake nundu.

Leo baada ya saa za ibada Saida alinitumia ujumbe wa sauti. Nilitegemea atalia au atakasirika. Hakufanya hivyo. Alisema, "Mwalimu, mama kakataa. Lakini najua umenisemea kwa moyo wako wote, kaniambia hata wewe ulikuwa na huzuni. Bila radhi yake siondoki, nitakuwa naenda kutafuta nini. Kesho nitawaandikia chuo niwashukuru. Na wewe usijilaumu."

Nimeusikiliza mara nyingi. Lile neno usijilaumu ndilo lililonikalisha chini hapa kwenye kompyuta.

Ni kweli nilikuwa na huzuni usoni. Bi Somoe aliiona, akaisoma vibaya, nami nikamwacha aisome hivyo.

Nimepanga kwenda kwake sasa hivi. Nitaanza na baruti, kwa sababu hizo anazijua mwenyewe. Nitamuuliza msimu ule zilipolia tena kama alihama Kanga. Nitampa mchoro wote, hata kama itabidi niuchore kwa mkaa sakafuni ili auone. Nitamwambia mji una watu wangapi, na kwamba ile Bwejuu aliyoihesabu imo ndani ya bahari ya watu. Nitamwambia pia kwamba hatari ipo, kwa sababu ipo, na Saida ana akili ya kuchagua mtaa wa kukaa. Akikataa baada ya hapo, atakuwa amekataa akiwa na habari kamili, na hiyo ni haki yake.

Ila najijua. Nikifika pale, nikaona uso wake, nitasema jana mtandao ulisumbua. Nitasema picha haikufunguka yote. Atacheka, atanimiminia kahawa, tutamlaumu mwenye minara ya simu, na mimi nitabaki mwalimu mwema wa Kanga. Hata maneno ya uongo huo nimekwisha kuyapanga bila kujituma.

Ndiyo maana hili naliweka hadharani kwanza, kabla ya kuvaa viatu. Blogu hii husomwa na watu wachache, na siku zote kuna mmoja anayeisoma kabla ya wengine. Akishaisoma, sitakuwa na pa kuusingizia mtandao.

Saida, mwanangu, sikukusemea. Nilikusema. Nina wivu na wewe, na nilimpa mama yako kipande cha mji nikijua ni kipande. Ukitaka kunichukia una sababu, lakini hilo lisubiri. Ninatoka sasa kwenda kwake, na sababu nitamwambia kwa kinywa changu.

Usiwaandikie chuo chochote mpaka mama yako akupigie.