Nguzo ya Baraza Letu Garsen

Baba yangu,

Leo sikusalimu. Nimekasirika tangu Ijumaa, na hasira hii nusu yake ni yako.

Komora, kitindamimba wako, alikuja kutoka Mombasa na fundi mwenye futi. Hakuingia hata ndani. Alipima upande wa barabarani, akasema patatoka maduka manne na vyoo nyuma. Jumatatu wanabomoa. Nyumba aliyoijenga babu kwa mikono yake, tulimozaliwa mimi na yeye, inabomolewa Jumatatu kama banda la kuku! Nikamwambia, Komora, nyumba hii ni historia ya mji huu. Akacheka. "Dada, huu ni udongo na miti. Historia iko Lamu huko, kwenye mawe." Ilibaki kidogo tu nimzabe kofi, mtu mzima na ndevu zake.

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye nguzo ya baraza, ile ya mkoko ambayo babu aliitoa Kipini akapanda nayo mto kwa mtumbwi. Nikamwonyesha alama zako. Akazitazama mara moja, akarudi kwenye simu yake.

Wewe unazikumbuka. Mto ukishafurika na kurudi, kabla hata tope halijatolewa ndani, ulikuwa unachukua kisu na kupiga magoti pale barazani. Mama anafoka, "Baba watoto, njoo ushike karai kwanza!" Wewe husikii. "Nishikie kidole hapo, mama," unaniambia mimi, nami naweka kidole pale maji yalipoacha mstari, nawe unachonga. Alama ya El Nino ilinifika kifuani. Ulicheka ukasema mwaka ule mto ulinipima pamoja na nyumba.

Na watu walikuja kuisoma nguzo ile, Baba, hata wasiojua kusoma. Maji yakianza kuingia uani, wakulima walipita kuitazama kabla ya kushuka mashambani. Yule mzee wa Kiorma rafiki yako alipita kabla ya kuteremsha ng'ombe wake. Maji yakigusa alama ya tatu kutoka chini, hakuna aliyengoja kuambiwa. Watu walifunga virago, kina mama wakabeba watoto na kuku, wote wakapanda kwenye tuta la barabara. Komora anasema siku hizi kuna simu. Simu! Mafuriko ya juzi, ujumbe wa tahadhari uliingia maji yakiwa tayari jikoni. Waliookoa magodoro yao ni wale waliokuwa wameshaitazama nguzo.

Lakini wewe ndiye uliyemfundisha dharau hii. Ndiyo, wewe! Kila mgeni alipobisha ulisema, "Karibu kibandani kwetu, mtatuvumilia." Mwalimu akija, kibanda. Karani akija, kibanda. Mimi nilijua ni adabu zako tu. Komora aliamini. Hukumwita hata siku moja ukamwambia, mwanangu, nyumba hii ni kitu. Alama ulichonga na mimi, halafu nyumba ukampa yeye.

Nakumbuka siku ile hospitalini, nikikukanda miguu iliyovimba. "Nyumba ni ya Komora," ulisema. "Wewe umeolewa, una kwako." Nikajibu, "Sawa, Baba." Ningesema nini, na hali ile uliyokuwa nayo? Nikatoka nje nikalia, na wauguzi wakadhani nalilia ugonjwa wako. Nilikulilia pia, usidhani sikukulilia. Hadi leo nikisikia mtu anakohoa barazani asubuhi nageuka kutazama. Lakini aliyezoa tope ni mimi. Aliyekuja kutoka Minjila nilikoolewa, na mtoto mgongoni, kukandika kuta upya, kila baada ya mafuriko, ni mimi. Komora hajawahi kushika udongo wa nyumba hii, na leo ndiye wa kunieleza kwamba ni udongo tu.

Basi jana nilihamia humu. Nimeleta godoro, jiko na sufuria mbili. Mume wangu hakubisha, ameuliza tu kama nina maji ya kutosha. Majirani wameanza kupita mmoja mmoja, na mama mmoja ameleta mkeka wake akauweka mlangoni. Komora anapiga simu tangu alfajiri. Anasema namwaibisha mbele ya fundi. Anasema, "Baba alisema."

Ni kweli, ulisema. Na mimi nilisema sawa. Ile sawa naiondoa leo, Baba. Ukiwa hai sikuwahi kukukatalia neno, hata moja. Sasa nakukatalia, na tukikutana huko uliko tutagombana vizuri, mimi na wewe, hadi tumalize. Fundi akija Jumatatu atanikuta nimekaa barazani.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.