Shimo la Aketch

Baba Aketch,

Nimeenda kufua Riruta. Ukitoka lindo asubuhi mchukue Aketch kwa Filister, mlango wa pili. Uji uko kwa thamosi. Mnyweshe polepole umemwegemeza kifuani, si kama juzi ulisoma gazeti akapaliwa.

Alfajiri nimempeleka kusimama kwa lile shimo ulimchimbia nyuma ya nyumba, kwa vile miguu yake haimshiki. Nikapata limejazwa udongo, limekanyagwa likawa sawa. Mama Waithira mwenye ploti anasema ndiye amelifukia, eti linakaa kaburi la mtoto, wapangaji wanaogopa. Na miaka sita yote, huyu mtoto hajawahi kusimama mahali pengine ila humo, udongo ukimshika kiunoni.

Nikaingia kuchukua beseni, kutoka nikampata Aketch amelala kifudifudi, anachimbua pale na kijiko cha uji.

Nikamnyang'anya. Nimemwacha kwa Filister bado analia.

Kijiko nimeficha juu ya kabati. Tumia kile kikubwa.

~~Ukiamka, azima jembe kwa jirani Oluoch uchimbe lingine karibu na choo.~~

Usiazime jembe. Nimechoka kumwambia atasimama.

Mama Aketch