Rafiki wa Sahani

Jumatatu, 3 Machi

Omena, dagaa wetu wa ziwani, imeanikwa kabla ya saa mbili. Upepo mzuri. Wanawake ndani ya banda wanachambua, wanaume nje kwenye nyavu za kuanikia. Chai ikachelewa, nikagomba, Akinyi wa jikoni akanijibu, tukacheka. Muhuru Bay ya kawaida.

Halafu Meneja akarudi kutoka semina Homa Bay. Siku tatu hotelini akifundishwa kuongoza watu kwa upendo. Amekuja na bango: HAPA TUNAJALIANA. Kalibandika juu ya mizani. Na mpango anao. Kila mfanyakazi apewe rafiki. Wawili wawili, meza moja, uso kwa uso. Wanaume wakishaanika nao waingie. Saa saba kila wawili wale sahani moja. Majina aliyachomoa kwenye kofia yake, mwenyewe akitabasamu. Hakuuliza mtu.

Mimi ndiye msimamizi wa zamu. Hata mimi hakuniuliza. Nikapiga makofi pamoja na wengine.

Jumanne, 4 Machi

Nimekasirika mpaka kichwa kinauma.

Omondi, huyu anayejua nyavu kuliko wote, kapewa Mama Apiyo. Mama Apiyo ni yule aliyekuja mwezi uliopita kutoka Ndhiwa, mpole, mikono myepesi. Omondi akafika mlangoni, akamwona, akageuka. Nikamrudisha. Akakaa akampa mgongo. Sahani ilipokuja akatoka nje, akashinda njaa. Mama wa watu naye akainamisha kichwa, hakugusa kitu.

Nikamfokea Omondi mbele ya banda zima. "Huyu mama amekukosea nini? Unamdharau kwa sababu ni mgeni?"

Meneja akamwandikia barua ya onyo, ya kwanza. Ukifikisha tatu unaenda nyumbani. Nikaona ni sawa tu.

Jumatano, 5 Machi

Akinyi amenitolea uvivu. Alinivuta nyuma ya jiko, mwiko mkononi.

"Madam, yule ni maro wake. Mama mkwe. Binti yake, Apiyo, ndiye bibi ya Omondi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe wote wanajua isipokuwa mimi niliyehamishwa hapa Januari kutoka Isebania. Na wale wawili walikuwa wamejipanga vizuri kabisa. Yeye nje, mama ndani. Yeye anatokea geti la chini, mama geti la juu. Mwezi mzima hawajakutana uso kwa uso, seuze kula pamoja. Halafu kofia ya Meneja ikawakalisha meza moja. Omondi angesema nini? Asimame amtangaze mkwewe mbele ya watu? Na mimi nikamwita mwenye dharau, wakati heshima ndiyo iliyomgeuza.

Mimi Mkuria jamani! Kwetu pia mkwe ni mkwe. Mume wangu akimwona mama yangu sokoni anavuka barabara. Ningeuliza tu. Swali moja.

Nikaenda ofisini. Nikamweleza Meneja pole pole. Tubadilishe viti, dakika mbili, basi. Akacheka. Ati mila zibaki getini. Ati hapa tunajaliana. Omondi alikuwa amekaa nje tena, kwa hiyo barua ya pili ikaandikwa mchana huo huo.

Anajali nani huyu?

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanda juu ya kreti kabla ya kazi, mbele ya watu wale wale wa Jumanne, nikamwomba Omondi msamaha. Sikusema pole. Pole unampa aliyejikwaa, na huyu nilimwangusha mwenyewe. Nilisema nisamehe. Sikueleza zaidi, maana hata kueleza kungewaaibisha tena. Akaangalia gambuti zake. "Imeisha, madam."

Meneja akaniita. Ati msimamizi akiomba msamaha watu watampanda kichwani. Wanipande. Kichwa ni changu.

Mchana Mama Apiyo akanifuata jikoni. Anataka kuacha kazi. Alikuwa amefunga leso yake kiunoni tayari kwa safari.

"Mimi nitarudi Ndhiwa nilime. Yeye ana mtoto anakuja. Usikubali afukuzwe kwa sababu yangu."

Nikamwambia haendi popote, na Omondi haendi popote. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyojiamini.

Omondi amekaa nje tena, na jioni nikakuta barua yake ya tatu mezani kwangu. Inataka saini yangu kesho. Barua ya kufukuza haitoki bila saini ya msimamizi. Nimeigeuza kifudifudi, lakini bado naiona.

Ijumaa, 7 Machi

Sikusaini. Ng'o.

Omondi nikamrudisha kwenye nyavu. Ungo wake nikauchukua mimi, nikakaa mbele ya Mama Apiyo, tukachambua. Saa nne Meneja akaingia. Akaona. Akaninyooshea barua na kalamu.

"Chagua, Robi. Yeye au kazi yako."

Niliogopa. Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nina watoto wawili shule na mume anayeshona viatu. Nikasema, "Basi andika na yangu."

Halafu nikasikia stuli ikiburutwa. Mwanamke wa meza ya mwisho amegeuka, akampa rafiki yake mgongo. Wa pili akageuka. Wa tatu. Banda zima, meza baada ya meza, kila mtu mgongo kwa mwenzake, na hakuna mkono ulioacha kuchambua. Saa saba Akinyi akapakua kila mtu bakuli lake, sahani za Meneja akaziacha zimepangwa safi chini ya bango.

Meneja akaikunja ile barua, akaitia mfukoni.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Mahubiri sikuyasikia hata kidogo. Nikifukuzwa, nifukuzwe. Nitauza ndizi Isebania na nitatembea kichwa juu.

Jumatatu, 10 Machi

Mawingu tangu asubuhi. Nilikuja mapema kuliko kawaida, nikahesabu watu getini kwa macho. Omondi, geti la chini. Mama Apiyo, geti la juu. Wote wapo.

Omena tukaiingiza kabla ya mvua. Karibu na chakula Mama Apiyo akaniwekea bakuli la viazi lenye kifuniko. Hakutaja ni la nani. Nikalipeleka nyavuni. Likarudi tupu, limeoshwa, ndimu mbili ndani. Nikamrudishia mama. Hakuna jina lililotajwa.

Saa nane Meneja akaja na barua yangu. Onyo la kwanza, kukaidi amri. Nikaipokea, nikaiweka chini ya ungo. Nikamwambia nitaisoma ila siijutii. Hakuondoka. Akaangalia stuli iliyokuwa wazi kando yangu. Akamwangalia Mama Apiyo. Akaniangalia mimi.

"Hapa naweza kukaa?"

Tangu nimjue hajawahi kuuliza. Nikamwambia anaweza. Akakaa, akavuta konzi ya omena, akaanza kuchambua. Anachambua vibaya sana. Nikamwonyesha.