Dakika Mbili za Bwana Dale

Champlin, Minnesota
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu, Mama Byamungu,

Jambo Mama, jambo sana! Magoti yamepoa, au bado yanakusumbua mvua ikikaribia? Na wale kuku wa jirani, bado wanataga kitandani kwako kama wenye nyumba? Sisi huku ni wazima. Esther amerefuka mpaka suruali ya mwaka jana inamwishia katikati ya mguu. Mimi bado niko kiwandani Plymouth, tunafunga mirija ya hospitali kwenye mifuko, na mwanao bado anasafisha ofisi kule Eden Prairie. Hizo ni habari za kila siku. Leo nina habari kubwa kuliko hizo, kwa hiyo umwambie mjukuu wako Riziki asome polepole, asirukeruke mistari kama kawaida yake.

Mama, kila barua unaniuliza jambo moja: mwanangu anaimba? Na mimi, unisamehe, nilikuwa nakujibu habari za theluji. Ukweli ni kwamba hakuwa anaimba. Mwaka mzima hakuimba hata kidogo, na nilikuwa naogopa kukuandikia hivyo.

Ilianza hivi. Kwaya yetu ilipata ukumbi wa chama cha majirani hapa Champlin, karibu na mto, tukawa tunafanya mazoezi kila Jumamosi mchana. Siku ya kwanza mwanao Byamungu aliingia na ngoma yake kwapani. Penye birika la kahawa alisimama mzee wa Kizungu, na kiunoni ana bastola. Huku si ajabu, Mama. Ukiwa na kibali unaweza kuivaa hata ukienda kununua mkate, isipokuwa mwenye mahali ametundika mlangoni kibao cha kuikataza. Byamungu aliiweka ngoma chini taratibu, akatoka, akakaa ndani ya gari. Tangu hapo alitupeleka kila Jumamosi na kutungoja nje, kipasha-joto kikivuma, mpaka amina ya mwisho.

Sababu wewe unaijua kuliko mimi. Miaka sita alikaa kwenye lango la ile hospitali ya mlimani, chini ya kibao chenye picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Askari au mwasi, kila aliyetaka kuingia alimwachia silaha yake akapewa kikaratasi chenye namba. Halafu siku moja akamwonea huruma mwanamume aliyelia kwamba mke wake anajifungua, akampitisha bila kumpekua. Risasi iliyomuua mgonjwa kitandani ilitoka kwa huyo. Mimi nimelala kando ya mwanao miaka yote hii, najua kwamba bado analinda lile lango.

Mzee wa bastola anaitwa Dale, na usiharakishe kumchukia. Ni mwindaji, mjane, mtu wa kucheka. Betri ya gari la mchungaji wetu ilipokufa kwenye baridi, yeye ndiye aliyekuja na nyaya. Lakini kuhusu bastola hasikii la mtu. Husema kibao ni karatasi tu, mwenye nia mbaya hasimami kukisoma, na hapo yeye atalindwa na nani? Amerika nzima inagombania neno hilo hilo. Watu wakipigwa risasi mahali, televisheni zinawaka wiki nzima, huyu anataka vibao viongezwe, yule anataka kila mtu abebe yake, wanapigiana kelele hadi unazima sauti. Wiki ikiisha wanarudi kwenye mpira.

Basi mwezi huu chama kikatangaza mkutano wa kuamua kama ukumbi wetu utundike kibao. Kila anayeutumia angeruhusiwa kusema, dakika mbili. Nikaandikisha jina! Mimi, ambaye Kiingereza changu kinaishia sokoni! Wanjiru, dada wa Kenya, nesi anayeimba nasi, akakubali kunitafsiria, ila alinionya: "Mama Esther, two minutes ni kidogo sana. Enda straight kwa point, usianze kuhubiri." Nikamwambia, "Hakuna shida, dada, nimeshapanga yote."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, na watu wa televisheni walikuja na kamera kubwa. Mwenyekiti, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, alikuwa na ile saa ndogo ya kuchemshia mayai, akiizungusha kwa kila msemaji. Wa kwanza alipiga meza. Wa pili alilia. Halafu wakaita jina langu.

Sasa Mama, niambie wewe, mtu atasimamaje mbele ya wakubwa aseme shida yake bila kuwasalimu? Nikasema, "Bwana asifiwe!" Wanakwaya wetu wakaitika, "Amina!" Nikainua mikono, "Aleluya!" Wakaitika tena. Nikamshukuru Mungu aliyetuamsha, nikamsalimu mwenyekiti, nikaisalimu kamati, wazee, na watu wa kamera. Nikaeleza mimi ni nani, mke wa nani, tumetoka wapi. Kila neno Wanjiru alilitafsiri huku akinikanyaga mguu, nikadhani ni bahati mbaya. Mwishoni nikasema ninaleta pia salamu za mama mkwe wangu wa Bukavu, kwa sababu wewe mwenyewe uliniagiza, wasalimie watu wa huko. Hapo ile saa ikalia. Dakika mbili zimekwisha!

Kwa hiyo kosa nusu ni lako.

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mwaka mzima mume wangu kwenye gari, na sikuwa nimesema hata neno moja juu yake. Nilijisikia mjinga, Mama, machozi yakanijaa. Watu wa kamera, waliokuwa wamepata salamu zangu na kelele za wale wawili, walikuwa tayari wanakunja nyaya zao waondoke.

Mwenyekiti akaita jina lililofuata, na lilikuwa la Dale. Akainuka polepole, bastola yake kiunoni, akasema, "Dakika zangu mpeni huyu mama. Ametusalimu sote vizuri, lakini bado sijajua alikuja kusema nini."

Alikuja kupinga kibao, unaelewa? Akanipa mimi wakati wake.

Sikusalimu tena! Nilisema lango, vikaratasi, mwanamume aliyelia, mgonjwa. Nilisema mume wangu ni mpiga ngoma na sauti ya nne ya kwaya hii, na yuko hapo nje, kwenye lile gari la kijani. Nikasema siwezi kuahidi kwamba kibao kitazuia risasi, ila ninajua kitamwambia mtu mmoja kwamba haachwi peke yake langoni. Wanjiru aliyatafsiri yote, safari hii bila kunikanyaga mguu.

Dale akauliza, "Gari la kijani? Mwaka mzima nilidhani ile ni teksi!" Akachukua kofia, akatoka. Mkutano mzima tukahamia madirishani, mwenyekiti naye na saa yake ya mayai.

Tulimwona anagonga kioo. Byamungu akashusha kidogo, kisha chote. Walichosema sijui, maana Kiingereza cha mwanao ni kifupi kuliko changu. Halafu akatoka garini, akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. Mama, sijawahi kuuona mkao ule, na niliutambua mara moja: ndivyo alivyokuwa akipokea silaha kule langoni. Dale aliutazama kitambo. Akaenda kwenye gari lake mwenyewe, akaifungia bastola kwenye kisanduku, akaonyesha kiuno kitupu. Byamungu akachana kipande cha boksi la biskuti za Esther, akaandika kitu, akampa. Dale akarudi ndani amekishika kama mtoto aliyetumwa dukani. Kilikuwa kimeandikwa 1.

Kura zikapigwa kwa mikono, kibao kikapita kwa tofauti ya mikono michache. Na unajua? Dale alipinga! Alinyoosha mkono wake wa kupinga, na kile kikaratasi kikiwa humo humo mkononi. Nilipomtazama akasema, "Mumeo ni mtu, nimemheshimu. Kile ni kibao." Nikacheka hadi nikakaa chini.

Jioni kwenye habari nilitokea, Mama! Ila walinionyesha nimeinua mikono, "Aleluya!", huku mtangazaji akisema wapenda silaha walijitokeza kwa wingi. Simu ilikuwa moto. Wanjiru anapiga kelele, "Umekuwa star, lakini wamekuweka upande wa bunduki!" Mke wa mchungaji akataka kujua nimenunua bunduki lini. Kikaratasi cha boksi hakuna aliyekionyesha, kwa sababu walikuwa wameshaondoka.

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya kibao. Byamungu alitangulia, akaweka meza ndogo mlangoni na vikaratasi vyake. Dale akaja, kiuno kitupu, akaonyesha namba 1 yake iliyokunjamana, akapitishwa kwa heshima zote. Tulipokwisha kuingia, mwanao alisimama akiutazama ule mlango. Kisha akaufunga, yeye akiwa upande wa ndani.

Nisalimie shangazi mwenye duka la vitenge, kaka mkubwa na mke wake, mchungaji aliyetufungisha ndoa, na yule jirani wa kuku. Riziki mwambie asante kwa kusoma, na asome kwa bidii na masomo yake pia.

Sasa lile swali lako. Hivi ninavyoandika yuko jikoni anaosha vyombo. Amesahau nusu ya maneno, anayajaza kwa la-la-la, na amepanda juu mno mpaka sauti inamkatika. Esther amemwambia mara tatu, "Daddy, please, stop."

Haachi, Mama.

Mkweo akupendaye,
Nabintu