Maelezo ya Mwanamisi binti Shabani kuhusu magurudumu mapya ya marehemu mumewe

KITUO CHA ASKARI WA POLISI, BWERANYANGE
Tarehe 19 Juni 1912

Jina: Mwanamisi binti Shabani. Umri: miaka thelathini hivi. Kazi: muuza nguo na chumvi. Makazi: Nyaishozi. Dini: Mwislamu.

Nimeapa kwa Mwenyezi Mungu kusema kweli mbele ya askari wa kituo hiki, Ombasha Rehani. Nimeitwa kwa sababu shemeji yangu Shaaban amemshtaki fundi Katabaro, kwamba alimfungia ndugu yake magurudumu mabovu ya baiskeli yakamuua. Katabaro amefungwa hapa tangu juzi.

Marehemu ni mume wangu, Gharib bin Mbaruku. Tulikuwa na mtoto mmoja, Maua, wa miaka mitano.

Mwezi wa Machi mwaka huu Maua alishikwa na homa. Tulisikia daktari Mjerumani amepiga kambi Kiruruma. Mume wangu alitoka alfajiri kwa baiskeli kufuata dawa. Baiskeli ile ilikuwa ya zamani, magurudumu yake mazito, na mpira wake mgumu, si wa kujaza upepo. Maua alikata roho asubuhi, jua bado halijawa kali. Mume wangu aliingia baada ya adhuhuri, dawa ameifunga kifuani kwa kitambaa. Tulikuwa tumeshamwosha mtoto. Hakulia. Aliniuliza, "Lini?" Nikamwambia, "Asubuhi, baba Maua." Akakaa chini palepale mlangoni.

Baada ya arobaini alianza kwenda kwa Katabaro kila siku. Katabaro ni Mnyambo, mfua chuma, na baiskeli alijifunza kutengeneza huko Bukoba. Alikuwa na magurudumu mawili mapya, mepesi, ya mpira wa upepo. Siku moja nilimpelekea mume wangu chakula huko, nikawasikia kwa masikio yangu. Mume wangu alisema, "Niambie kweli. Haya yangenifikisha mapema?" Katabaro akajibu, "Kwenye kupanda utaona nafuu. Kwenye mawe mwili hautachoka sana. Lakini kasi ni miguu yako, bwana Gharib, na njia ni ileile." Mume wangu akasema, "Sikukuuliza habari ya miguu."

Katabaro akayafunga. Nilimwambia nyumbani, "Unataka kujua ili iweje? Mtoto tumeshamzika."

Mnamo tarehe 10 Juni alitoka alfajiri, kama siku ile. Alikwenda Kiruruma akarudi. Alifika kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa bado sijabandika ndizi jikoni. Alisimama uani akihema, akaniuliza, "Nimewahi?" Nikamwambia, "Umewahi kuliko siku ile." Akaniuliza tena, "Ningemkuta?" Nikamwambia hapana. Maua alikwishaondoka zamani saa hiyo. Nilidhani akisikia hivyo moyo wake utatulia.

Haukutulia. Usiku ule alizungumza peke yake kitandani. Alisema mteremko wa kushukia bondeni aliuteremka kwa breki, kwa woga, na asingefunga breki angewahi zaidi. Nilimsihi. Nilimshika mkono. Akaniambia, "Mama Maua, bado kidogo tu." Ombasha, kama magurudumu yale yasingemwongezea kitu chochote, nadhani angeacha. Yalimwongezea kidogo, na kile kidogo ndicho kilichomnyima usingizi.

Tarehe 15 Juni alitoka tena alfajiri. Sikumwona akitoka. Jua lilipokuwa juu walikuja watu wawili wenye kibanja, shamba lao la migomba, karibu na ule mteremko, wakaniita. Walisema walimwona akishuka bila kushika breki, amejilaza juu ya usukani, na walimpigia kelele apunguze, lakini alipita tu. Kwenye kona aligonga jiwe. Nilikwenda nao nikamkuta kando ya njia, amefunikwa kwa majani ya mgomba. Usoni hakuwa na jeraha. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda, lakini lilikuwa zima, halikuvunjika wala mpira haukutoka. Nililigusa mwenyewe.

Shemeji yangu alifika baadaye. Alilia sana, akasema, "Fundi amemuua ndugu yangu." Simlaumu Shaaban. Anatafuta mtu wa kumshika. Mimi pia ningependa awepo mtu wa kumshika. Lakini fundi alimwambia mume wangu kweli, na nilikuwepo.

Ombasha ameniuliza kama mume wangu alitaka kujiua, kwa kuwa waliomwona wanasema hivyo. Jibu langu ni hapana, na naomba liandikwe hivyo. Nilipomkuta pale njiani alikuwa amefunga kitambaa kifuani, kama siku ya dawa. Ndani hakukuwa na kitu. Hakutaka kufa. Alitaka kuwahi.

Niliyoyajua nimeyasema, sina la kuongeza wala kupunguza. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ni maneno yangu.

Sahihi: (ameandika jina lake kwa herufi za Kiarabu)

Maelezo ya askari: Nimelikagua gurudumu la mbele mbele ya Shaaban bin Mbaruku. Limepinda kwa kugonga, njiti zote zimeshika. Shaaban ameondoa mashtaka. Fundi Katabaro ameachiliwa leo alasiri. Kifo kimeandikwa kuwa cha ajali. Nilimwambia shahidi achukue baiskeli ya marehemu, akakataa, akaondoka kwa miguu.

Ombasha Rehani