Mstari wa Kumi na Saba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua cha mama kimeachia. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haijatulia. Nakuandikia kwa kuwa ana kwa ana ningeshindwa.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikajigamba tu. Ni hivi: kila mashine tunayoihudumia ina anwani mbili. Moja ni ya intaneti, ya pili ni namba ndefu ya mtandao wetu wa pakiti, ule unaobeba ujumbe vipande vipande. Anwani hizo hazijuani zenyewe. Sisi ndio tunaozioanisha kwa mkono, mstari kwa mstari, katika jedwali. Mmoja husoma fomu kwa sauti, mwingine huandika, kisha wote wawili hutia sahihi.

Ofisini wananiita Daftari, maana namba nazijua kwa moyo. Jina hilo likanivimbisha kichwa. Maabara yenu ilipohamia jengo jipya, mashine yenu ilipewa namba mpya. Mwenzangu alikuwa ametoka kula. Sikumsubiri, wala fomu sikuifungua. Niliandika namba niliyoikumbuka, kumbe ni ile ya zamani, nayo ilikwisha kupewa ghala la saruji.

Siku tatu nzima maombi ya vipimo kutoka zahanati yalikwenda kwenye saruji. Mganga mkuu akasema umeyapuuza, akakutoa maabara, akakupeleka kuosha chupa. Ulikuja kwangu ukalia, ukasema hukuona ombi hata moja. Nikakumiminia chai, nikakwambia labda ulichoka, hukuangalia vizuri.

Dada, nilikuwa najua. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeliona kosa katika mstari wa kumi na saba, nikalirekebisha kimyakimya. Naona haya hata kuandika. Sikuogopa kufukuzwa, niliogopa kuchekwa.

Leo nimempelekea mganga mkuu nakala ya ukurasa ule, wenye sahihi moja badala ya mbili. Bosi wangu naye nimemweleza yote. Akaniambia nisiguse jedwali tena.

Nisalimie wanao. Mama usimfiche, msomee barua yote, na pale pa chai usiparuke.

Ni mimi mdogo wako,
jina la Daftari nimeliacha ofisini.